Mtoto ashike mita kwanza, jedwali lisubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba watoto wanapotezewa muda kufundishwa vipimo vya metriki, kwa kuwa siku hizi simu inabadili kipimo chochote kuwa kingine kabla hujapepesa macho. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nafundisha wale wadogo wanaolianza somo, na pengine nitamshangaza msomaji huyo: nusu ya hoja yake naiunga mkono. Kubadili vipimo tuiachie simu. Ila kubadili si kupima, na hapo ndipo tunapoachana.

Lawama si yake peke yake. Sisi walimu ndio tuliowafanya watu waamini kwamba mada hii ni ya kuhamisha nukta. Lifungue daftari la mtoto anayeanza sayansi. Utakuta ngazi imechorwa kwa rula: kilo, hekto, deka, mita, desi, senti, mili. Pembeni kuna mishale. Ukishuka zidisha kwa kumi, ukipanda gawanya kwa kumi. Chini yake maswali: badili kilomita 3.7 kuwa sentimita, badili miligramu 45,000 kuwa hektogramu. (Hektogramu, jamani! Nani aliwahi kumwona mwanasayansi anaandika hektogramu?) Mtoto anapanda ngazi, anashuka, anapata vema zake zote. Halafu muulize mlango wa darasa una urefu gani. Atakutazama, atautazama mlango, atakujibu bila wasiwasi: "Mita kumi na tano."

Mtoto huyo hakosi akili. Hajawahi kuishika mita, basi. Tumempa majina saba ya vitu ambavyo hajakutana navyo, tukamtaka aseme jinsi vinavyohusiana.

Mimi ngazi hiyo siichori mwanzoni. Viambishi vitatu vinatosha kuanzia: kilo ni elfu, senti ni sehemu ya mia, mili ni sehemu ya elfu. Desi huja siku tunayolihitaji, na nitalieleza hilo mbele. Hekto na deka waje nao siku moja, hawana haraka. Badala ya ngazi, kila mtoto hupiga mistari mitatu ya wima kwenye daftari: nilikisia, nilipima, tofauti. Sheria ni moja tu na siivunji kwa mtu: ulichokisia hakifutwi. Kalamu ya wino, si penseli. Mwanzoni kisio linapishana na kipimo kwa mita nzima. Wakishapima dawati, dirisha, kimo cha mwenzao, upana wa ubao, tofauti inaanza kusinyaa yenyewe, na mtoto aliyekuwa akikisia mlango mita kumi na tano sasa anabishana na jirani yake kama ni mita mbili kamili au mbili na sentimita tano. Ubishi wa namna hiyo nauachia uendelee hata kengele ikigonga.

Tunatafuta pia vipimo mwilini. Upana wa ukucha wa kidole kidogo unakaribia sentimita moja kwa wengi wao. Shubiri ya mmoja ni sentimita 15, ya mwingine 17. Na kwa kuwa wanakua, shubiri ya mwaka jana haifai mwaka huu, wanalazimika kuipima upya. Hakuna maelezo yangu yoyote ya kwa nini dunia ilihitaji kipimo kisichokua wala kuzeeka yanayofika mbali kama siku wanapogundua hilo wenyewe.

Rula nazo zina mambo yake. Rula nyingi za plastiki hazianzii sifuri ukingoni. Kuna nafasi tupu ya milimita kadhaa kabla ya mstari wa kwanza. Mtoto analinganisha ukingo na kitu, anasoma, anakosea, na kosa lake ni lile lile kila mara, kwa hiyo hata akirudia mara ngapi majibu yake yatakubaliana vizuri kabisa na yote yatakuwa ya uongo. Wengine huanzia kwenye moja, kwa sababu wamefundishwa kuhesabu kuanzia moja. Dawa niliyoipata ni rula zilizovunjika. Nazikusanya, sizitupi. Nampa mtoto kipande kinachoanzia 7 na kuishia 23, namwambia apime penseli. Atalalamika kwamba rula ni mbovu. Baadaye mmoja atashtuka kwamba kitu kikianzia 7 kikaishia 19 basi kina sentimita 12, na kuanzia hapo hakuna anayeniuliza tena aanzie wapi. Mzazi mmoja aliwahi kuja kuniuliza kwa nini shule inawapa watoto vifaa vilivyovunjika. Nilimpa kipande, nikamwomba apime kitabu. Alicheka, akaondoka nacho.

Najua walimu wengine watasema vifaa hawana. Nawaomba watazame bunda la karatasi lililo ofisini. Karatasi ya kawaida ya A4 huandikwa kwenye kifungashio chake gramu 80 kwa mita mraba. Karatasi ya A0, mama wa ukubwa huo wote, ina eneo la mita mraba moja. Ikate nusu, kisha nusu, mara nne, unapata A4. Kwa hiyo A4 ni sehemu ya 16 ya mita mraba, na 80 ukigawanya kwa 16 unapata 5. Karatasi moja ni gramu tano. Karatasi 200 ni kilo moja. Bunda la 500 ni kilo mbili na nusu. Mizani ya rula iliyolazwa juu ya penseli, pamoja na karatasi za kuongeza na kupunguza, itakupimia kifutio bila kununua jiwe hata moja la mizani. Bunda hilo hilo lina unene wa kama sentimita 5. Gawanya kwa 500, unene wa karatasi moja ni milimita 0.1. Rula haina mstari wa sehemu ya kumi ya milimita, lakini mtoto wa miaka tisa ameipima. Nimeona watoto wakirudi kuitazama karatasi ile kana kwamba imebadilika.

Sasa nije kwenye lita, maana hapa ndipo mfumo huu unapoonyesha ulivyofumwa. Tunatengeneza sanduku la kadibodi lenye sentimita 10 kila upande. Sentimita 10 ni desimita moja. Hiyo ndiyo siku ya desi. Tunaliwekea mfuko wa plastiki ndani. Kabla ya kumimina nawauliza: chupa ya lita moja ya maji itaenea humo? Karibu wote husema haitaenea, kwa sababu chupa ni ndefu na sanduku ni fupi. Tunamimina polepole. Maji yanapanda, yanapanda, yanafika ukingoni, chupa inakwisha. Kelele za dakika ile hufika darasa la jirani, na jirani yangu amekwisha kuzizoea. Kisha tunayapima maji yale kwenye mizani: kilo moja. Urefu umezaa ujazo, ujazo umezaa uzito. Hawa si ndugu waliokutanishwa na jedwali, walizaliwa pamoja. Wafaransa walipoitunga gramu miaka ya 1790 waliitoa kwenye maji, sentimita moja ya ujazo. Mililita moja ya maji, gramu moja. Ukitaka kuwa mkali utasema inategemea joto la maji, na ni kweli, lakini kwa mizani ya darasani tofauti hiyo haionekani.

Baada ya hapo tunajenga mita ya ujazo. Vijiti 12 vya mita moja moja, vifungwe kwenye pembe kwa kamba. Watoto wanaingia ndani, wanajibana, wanahesabiana. Nawauliza vichemraba vya sentimita moja vingapi vingejaza chumba hicho. Mia? Mtoto anayejua kwamba mita ina sentimita 100 atasema mia bila kusita, na aliyefikiri zaidi atasema elfu. Tunapanga safu moja chini, 100. Safu 100 kama hiyo zinafunika sakafu, 10,000. Sakafu 100 kama hiyo mpaka juu: milioni moja. Wamesimama ndani ya milioni moja. Kosa la kudhani mita mraba ina sentimita mraba 100 nimelikuta hata kwa watu wazima wenye vyeti vyao, na siwacheki, kwa sababu ngazi waliyochorewa haikuwaambia kwamba eneo hushuka ngazi mbili mbili na ujazo tatu tatu. Maji ya kujaza fremu ile ni lita 1,000, uzito wake tani moja. Hapo kuna mtoto huuliza kama sisi tuliomo ndani tuna uzito gani wote kwa pamoja. Tunajumlisha, na hatukaribii tani.

Nirudi kwa msomaji wako na simu yake. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, yenye watu 69, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Kanada ilikuwa katika kuhamia metriki na mafuta ya ndege hiyo mpya yalihesabiwa kwa kilo. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kwenye matangi zilibaki lita 7,682. Kuzijua ni kilo ngapi kulihitaji kuzidisha kwa 0.8 hivi; wahusika wakazidisha kwa 1.77, namba waliyoizoea, ambayo hutoa ratili (kipimo kisichofika hata nusu kilo), si kilo. Wakapata 13,597, wakaziita kilo, wakaongeza mafuta ya kufidia pengo, na ndege ikaruka na chini ya nusu ya ilichohitaji. Rubani aliiteremsha injini zikiwa zimezima, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na hakufa mtu. Izidishe mwenyewe 7,682 kwa 1.77 kwenye simu yako. Utapata kile kile walichokipata wao. Kuzidisha hakukuwa na kosa.

Lakini mtoto aliyemimina lita moja sandukuni na kuiona kilo moja angeuliza: mafuta gani haya ambayo lita yake ina karibu kilo mbili? Mafuta si huelea juu ya maji? Yanaeleaje yakiwa mazito kuliko maji? Swali hilo simu haiulizi. Halihitaji jedwali wala kikokotoo, linahitaji kilo iliyowahi kushikwa mkononi.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya wadogo hulipita haraka, nalo ni kwamba kipimo chochote kina shaka ndani yake. Watoto wawili wanapima dawati moja. Mmoja anapata sentimita 74.2, mwingine 74.4. Wote wawili wanakimbilia kufuta, kila mmoja amfuate mwenzake, au wote wamfuate mwenye sauti kubwa. Hapo huwa nawasimulia habari ya Pierre Méchain. Mwaka 1792 yeye na mwenzake Jean-Baptiste Delambre, wanaastronomia wa Ufaransa, walitumwa kupima mstari unaotoka Dunkirk kupita Paris mpaka Barcelona, ili mita itolewe kwenye dunia yenyewe: sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Nchi ilikuwa kwenye mapinduzi. Watu wanaopanda minarani na vyombo vya ajabu, wakichungulia minara mingine, walitiliwa shaka kila walikopita. Kazi iliwachukua mpaka 1798. Kule Barcelona, Méchain alitafuta latitudo, yaani mahali palivyo mbali na Ikweta, akiwa sehemu mbili tofauti, na majibu yakakataa kupatana. Tofauti ilikuwa kama mita mia moja tu juu ya ardhi, katika safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Hakumwambia mtu. Aliirekebisha kwenye karatasi ili ionekane sawa, ikamtafuna miaka yote, akafa mwaka 1804 akiwa amerudi kazini Hispania. Delambre ndiye aliyekuja kuikuta tofauti hiyo kwenye maandishi ya marehemu.

Watoto huuliza kwa nini hakusema tu. Nami huwajibu kwa kuwauliza nani anafuta 74.4.

Na mita yenyewe iliyotokana na kazi ile, ile ya platini iliyowekwa kwenye hifadhi mjini Paris mwaka 1799, ni fupi kwa kama milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa, kwa kuwa dunia haikubonyea kwenye ncha zake kwa kiasi walichokadiria. Hakuna aliyeirefusha. Ilikuwa imekwisha kuwa mita. Leo hii mita inatokana na mwendo wa mwanga, umbali unaokwendwa katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde, lakini urefu ni ule ule wa kuzaliwa na ufupi wake. Kilo nayo ilikaa tangu 1889 ikiwa ni silinda ya platini na iridiamu iliyofungiwa Sèvres, karibu na Paris, mpaka ilipogundulika kwamba imepishana na nakala zake kwa kama mikrogramu 50 (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu), na tangu tarehe 20 Mei 2019 silinda hiyo haina tena mamlaka juu ya mtu. Watoto hulipenda sana hili la chuma kilichokuwa sahihi kwa amri: kikipungua chenyewe, ni ninyi wengine wote mmeongezeka.

Huniuliza pia kwa nini saa imebaki na dakika 60 wakati vingine vyote vinakwenda kwa kumi. Nawaambia ilijaribiwa. Wafaransa hao hao mwaka 1793 waliigawa siku katika saa kumi, kila saa dakika mia. Haikudumu hata miaka miwili. Kumi si namba takatifu.

Kuhusu inchi, futi na ratili, ushauri wangu kwa walimu wa madarasa ya chini ni kuziacha kabisa zisiingie kwenye mitihani yao. Watazikuta wenyewe kwenye skrini, mabomba na urefu wa ndege angani. Akiniuliza mtoto, namwambia inchi ni milimita 25.4 kamili, bila baki, kwa sababu tangu mwaka 1959 nchi zinazoitumia zilikubaliana kuipima kwa mita. Tukiwarundikia watoto jedwali la kutoka huku kwenda kule kabla hawajakaa na mfumo mmoja, tutakuwa tumewarudisha kwenye ngazi nyingine, tena hii haina hata kumi kumi.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwako. Wanafunzi wangu hukata vipande vya habari magazetini na kubandika darasani kila wanapokuta kipimo, na gazeti lako linatupa kazi. Nimekutana humo na "Kms", "KGS", "Mts" na "Kg." yenye nukta. Kilomita ni km, kilogramu ni kg, mita ni m: herufi ndogo, bila s ya wingi, bila nukta, na nafasi kati ya namba na alama. K kubwa ni ya kelvini, kipimo cha halijoto, kwa hiyo "Km" si kilomita. Kwenye dawa jambo hili si la mapambo. Herufi ndogo, mg, ni miligramu. M kubwa ni mega, na Mg ni gramu milioni moja, yaani tani. Kati ya hizo mbili kuna mara bilioni moja. Wiki iliyopita mtoto mmoja alibandika ukutani kipande cha gazeti lako kinachosema kidonge kina "Mg 500", na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: tani mia tano, nani atameza?

Wasalaam,

Mwalimu wa sayansi, madarasa ya chini